Mama Amesema Hapana

Watu wakiniona na rundo la funguo mkobani wanadhani nimeukata. Nimeukata wapi! Funguo zote ni za watu. Mimi mwenyewe ni mpangaji, vyumba viwili Mabatini, choo cha kuchangia na familia nne, na mwenye nyumba wangu hajawahi kunisalimia bila kununa. Kazi yangu ni kusimamia nyumba za wengine: kutafuta wapangaji, kuandikishana mikataba, kumwita fundi bomba likipasuka, na kusikiliza matusi ya pande zote mbili. Nyumba yenye wapangaji haijanishinda. Ninazo mbili Nyakato, za wafanyakazi wa viwandani. Mmoja anahama na taa, mwingine anaacha paka saba, basi, nafoka, naenda zangu. Iliyonishinda ni nyumba isiyo na mtu.

Acha nyumba bila mtu miezi miwili hapa Mwanza uone. Wanaanza na koki ya uani. Wakiona kimya wanarudi kuchukua mita ya maji, vitasa, masinki, mwisho wanapanda darini na kuvuta nyaya zote za umeme. Kuna nyumba niliikuta hata choo kimeng'olewa, limebaki tundu. Na hao ni wezi wa kawaida, wana afadhali. Kuna wenye mashati yaliyonyooshwa na bahasha za kaki, wanaiuza nyumba ya mtu huku mwenyewe yuko hai, anakunywa chai Dar es Salaam. Ndiyo maana utaona watu wameandika ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mimi maandishi hayo siyapendi. Yanamtangazia kila anayepita kwamba mwenyewe hayupo.

Mimi nilikuwa na njia yangu, na sifichi, nilijivunia. Nyumba tupu nilikuwa naifanya ionekane ina watu. Asubuhi nafagia uwanja mpaka mistari ya ufagio ionekane. Nawasha jiko la mkaa nyuma ya nyumba hata kama sipiki kitu, moshi upande tu. Naanika nguo kambani, khanga, shuka, gauni la mtu mzima, na jioni nazianua zikiwa kavu vilevile nilivyozileta. Kandambili naziacha mlangoni, na kila baada ya siku mbili nazigeuza. Redio ndogo naiacha inaongea chumbani. Ukipita nje huwezi kujua. Kuna siku mimi mwenyewe niliingia nikapiga hodi, nikacheka peke yangu kama chizi.

Nyumba ninayotaka kuisema iko Butimba, juu kwenye mawe. Mwenyewe ni mama mmoja, mjane, muuguzi mstaafu. Mtaa ule wote umekaa ubavuni mwa mlima, nyumba zimeng'ang'ania miamba kila moja ilivyoweza, na ukitoka mlangoni unashuka kwa ngazi za mawe. Mahali tambarare pa kusimamisha turubai ni pale tu, uwanjani kwa yule mama. Mumewe enzi zake aliupasua mwamba kwa moto na nyundo, mwaka baada ya mwaka, mpaka akapata uwanja. Kwa hiyo misiba ya mtaa ilikaa pale, na harusi, na vikao, na geti halikuwahi kufungwa. Halafu nusu ya watoto wa mtaa ule yeye ndiye aliyewapokea wakizaliwa. Haya yote niliyajua baadaye. Ningeyajua mapema labda ningefanya vilevile, tuseme ukweli.

Figo zilipomsumbua, mwanawe wa pekee alikuja kumchukua. Huyo bwana ana kazi nzuri Dar, na ana hofu ya wezi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfanyia kazi. Walitoka asubuhi na mapema, gari mpaka uwanja wa ndege, bila kumuaga jirani hata mmoja. Mimi akanipa funguo na sharti moja.

"Dada, mtu asijue kwamba mama hayupo. Mtu yeyote yule. Wakijua tu, nyumba imekwisha."

Laini ya simu ya mama aliizima akamsajilia nyingine, yenye namba za ndugu tu, ati apumzike. Nikamwambia bosi, ondoa wasiwasi, hiyo ndiyo kazi yangu. Nikaanza na moshi, nguo, kandambili na redio, kama kawaida. Lakini nyumba ile haikuwa kama nyingine. Kwingine watu wanapita tu. Pale watu walikuwa wanasimama getini na kuuliza.

"Mama yumo?"

"Yumo. Amelala."

Ndivyo nilivyojibu siku ya kwanza, na hapo nikawa nimejifunga. Kesho yake nikasema anaoga. Wiki iliyofuata nikasema daktari amemkataza wageni. Alikuja msichana na mtoto mchanga amefungwa kwenye shuka jipya, anataka mama amwone mtoto. Nikamwambia mama amepumzika, pita siku nyingine. Wakaja watu wa jumuiya ya kanisani na vitabu vyao vya nyimbo kusali naye, nikawaambia leo hajisikii. Walikuja mara tatu. Mara ya tatu waliimba wimbo mmoja hapohapo nje ya geti, wakaondoka, na mimi nimesimama upande wa ndani nasikiliza, uso mkavu. Hawakurudi tena.

Baadaye nikaanza kusikia maneno dukani. Mama siku hizi anaringa. Mtoto wake amepata, sisi hatufanani naye tena. Mwenye duka akasema mbele yangu, kwa makusudi nisikie, kwamba mama anamtuma hausigeli amfukuzie watu. Hausigeli ni mimi, na miaka yangu hamsini na mbili! Nilinunua kiberiti changu nikaondoka. Na unajua niliwaza nini njiani? Niliwaza kwamba kazi yangu imekubali. Mtaa mzima unamsema mtu ambaye hayupo. Jamani, nilifurahi.

Mwaka wa pili akafa fundi mwashi wa nyumba inayotazamana na ile, ng'ambo ya njia. Alianguka kazini. Aliacha mke na watoto watatu. Asubuhi ile mkewe alikuja mwenyewe getini, ameshikwa na wanawake wawili, khanga imemwanguka mabegani na hana habari nayo. Hakuja kuomba kitu kigeni. Alikuja kutoa taarifa tu, kwamba turubai linaletwa saa nne na vijana wataingiza viti, kama ilivyokuwa siku zote.

Nilimwambia subiri nimuulize mama. Nikaingia ndani kwenye nyumba tupu, nikasimama jikoni, nikampigia simu mwanawe Dar.

"Usifungue," alisema. "Watu mia mbili wataingia, watataka maji, watataka choo, watamtaka mama atoke. Watajua. Usifungue hilo geti, dada."

"Bosi, ni msiba."

"Nimeelewa ni msiba. Tafuta namna ya kuwaambia."

Nikakata simu. Roho iliniuma, sisemi haikuniuma, lakini nilikuwa na nyumba zake nyingine mbili, zile za Nyakato, nikizisimamia, na niliogopa kumwaga unga. Ningeweza kusema nimepoteza funguo. Ningeweza kusema mama amelazwa. Ningeweza kusema kweli! Nilitoka nikasema jambo moja, kwa sauti ya mtu anayepeleka ujumbe.

"Mama amesema hapana. Kichwa kinamuuma, hataki kelele."

Yule mwanamke hakulia. Aliniangalia kama vile nimesema lugha nyingine. Mmoja wa wale waliomshika akauliza, "Mama? Mama huyuhuyu?" Nikasema ndiyo, mama huyuhuyu. Wakageuka.

Msiba ulikaa njiani. Watu walikalia mawe, juani, wengine juu wengine chini, hata kuonana vizuri hawaonani. Walipoileta maiti hapakuwa na mahali pa kuweka jeneza bila kuteleza, kwa hiyo wanaume sita walilishika mikononi muda wote wa ibada. Walipochoka wakapokezana. Niliyaona yote kupitia tundu la geti, na nyuma yangu uwanja mzima umefagiliwa, mistari ya ufagio imenyooka. Jioni nilianua nguo nikaenda zangu Mabatini, na chakula kilinishinda.

Ningeacha kazi pale, ningekuwa na kitu cha kujitetea. Sikuacha. Nilipokea ujira wangu mwaka mwingine mzima.

Halafu bosi akapiga simu, sauti imelegea. Madaktari wamesema basi. Mama hataki kufia hospitalini, wala hataki kufia ghorofani Dar ambako hata jirani wa mlango wa pili hamjui. Anataka kurudi kwake, awe na watu wake mpaka siku zake ziishe. Ndilo jambo pekee analoomba. "Iandae nyumba, dada. Tandika kitanda cha kweli." Alimleta usiku, mtaa umelala, akakaa siku mbili, akarudi kazini kwa ahadi ya kuja mwisho wa mwezi. Mimi nikabaki naye.

Alikuwa mwepesi, mifupa na macho, lakini akili yote ipo. Siku ya kwanza tu alinipa amri. Toa viti vyote nje, vipange uwanjani. Chemsha chai chupa nne kubwa. Kaanga maandazi, mengi, usinionee huruma. "Wakisikia nimerudi watakuja kunipa pole ya safari. Huwajui watu wa hapa, mwanangu. Utakimbia." Alivaa gauni lake zuri, akakaa barazani, geti liko wazi.

Hakuja mtu. Siku ile hakuja, na kesho yake hakuja. Wapita njia alikuwa anawaita kwa salamu, "Mwangaluka!" na wao wanaitikia bila kusimama, wakubwa kwa wadogo. Shikamoo walimpa, adabu hawakuiacha, lakini ni shikamoo ya kutupiwa huku mtu anapandisha ngazi. Siku ya tatu chai ilipoa kwenye vikombe na maandazi nikawapa kuku wa jirani. Mama akajitia hamnazo, anasema labda wana msimu wa kazi, labda kuna mahali kuna harusi. Jioni alinishika mkono.

"Mwanangu, nimewakosea nini watu hawa?"

Nikasema sijui, mama. Nilisema sijui! Mdomo uleule uliokuwa na maneno tele miaka mitatu. Nilienda nyuma ya nyumba nikajipiga kofi, na sisemi hivyo kwa mapambo, nilijipiga kweli.

Siku ya nne akauliza, "Fundi wa hapo ng'ambo mbona simwoni? Yule hapiti bila kunitania."

"Alifariki, mama. Mwaka jana."

Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Maskini. Alizaliwa mikononi mwangu. Na msiba ulikaa hapa kwangu, siyo?"

"Ulikaa njiani, mama."

"Njiani? Kwenye mawe? Kwa nini?"

Nikainama kuokota kikombe ambacho hakikuwa kimeanguka. Hakuniuliza mara ya pili. Alisema nimsindikize akampe pole mjane, leo hii, kabla hajakaa chini tena. Nilijaribu kumzuia: jua kali, ngazi mbaya, tusubiri kesho. Akasema kesho yake si ya kutegemea. Basi nikamshika mkono tukavuka njia, hatua ishirini tu, lakini zilituchukua muda mrefu mno, na kila hatua nilikuwa naomba tukute mlango umefungwa.

Mlango ulikuwa wazi. Mjane alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Alipotuona aliinuka, akatoa shikamoo, akamwekea mama kiti, mimi hakuniangalia. Mama akaanza kutoa pole, kwamba hakujua, kwamba amesikia leo. Mjane akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu kabisa, bila hasira.

"Mama, usiseme hukujua. Nilikuja getini kwako mimi mwenyewe. Uliposema hapana, mume wangu aliagwa akiwa mikononi mwa watu kama mzigo. Nakuheshimu, ulinizalisha watoto wangu wote. Ila usiseme hukujua."

Mkono wa mama ulikuwa bado juu ya mkono wangu. Niliusikia umekaza. Akageuza uso akaniangalia, na mimi nikaangalia wale dagaa. Nadhani alielewa yote palepale: geti, mwanawe, mimi. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme, wallahi, nilitaka anitaje niaibike yaishe. Mama akamrudia mjane, akateremka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, mgonjwa yule, na mimi nimeshindwa hata kumzuia.

"Ni kweli, binti yangu. Nilisema hapana. Nilikosea sana. Nisamehe."

Mjane akapiga kelele, mama usipige magoti, inuka mama! Wakashikana, wakalia wote wawili. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika fimbo ya mama.

Tuliporudi nilimlaza kitandani, ndipo akaniuliza nani alisema. Nikamwambia yote. Kutofungua aliamua mwanao. Ila yale maneno, mama amesema hapana, yalikuwa yangu. Nikamwambia naenda sasa hivi, nyumba kwa nyumba, nikaseme kweli. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

"Kaa chini," alisema. "Ukisema, wataanza kumchukia nani? Mwanangu wa kumzaa. Mimi ninaondoka. Yeye ndiye atakayebaki na nyumba hii katikati ya hawa watu. Mimi watanizika. Yeye nani atamzika?" Akapumzika kidogo, akaniangalia. "Na wewe una watoto wa kulisha. Nyamaza. Kunyamaza unakuweza."

Hilo la mwisho alilisema bila tabasamu. Niliapa nitanyamaza.

Kesho yake watu walianza kuja. Habari ilikuwa imeshazunguka kwamba mama amevuka njia kwa miguu yake na kuomba radhi. Wakaja na mchele, na sato wamefungwa kwenye mfuko, na mkungu wa ndizi. Watu wa jumuiya wakaja na vitabu vyao. Yule mtoto mchanga alikuja anatembea. Mama alikuwa anacheka, anawatania, na mimi nakimbia na chai kama alivyosema nitakimbia. Lakini kila aliyeingia aliingia kama mtu aliyesamehe. Mwanamke mmoja, mdogo wa kuweza kuwa mwanawe, alimshika goti akamwambia, "Mama, utajiri wa mtoto usikutenge nasi tena." Mama akajibu, "Nimesikia, mwanangu." Nikaigonga sinia kwenye mlango, vikombe vikagongana, wakageuka kuniangalia. Nikasema nimejikwaa.

Alikaa nao siku kumi na moja. Akafa mchana, chumba kimejaa watu.

Siku ya kumuaga turubai lilisimama uwanjani kwake, jeneza mezani, limetulia. Mtaa wote ulikuwepo, mpaka juu ya miamba. Mwanawe alikaa mbele na suti nyeusi, na wanaume wa mtaa walikuwa wanapita mmoja mmoja kumshika bega. Mjane wa fundi ndiye aliyesimamia jikoni. Mimi nilikaa nyuma ya bwana yule, kwenye viti vya wafiwa, alikoniweka mwenyewe, ati mimi ndiye niliyemtunza mama yake.

Mwenyekiti wa mtaa alisimama kutoa neno. Alisema mema yake, watoto aliowapokea, milango aliyoigonga usiku na mchana akiwa na mkoba wake wa dawa. Kisha akasema hakuna binadamu asiye na kosa, na wao kama mtaa hawatamficha Mungu. "Mama yetu huyu alitufungia geti mara moja, kwenye msiba. Lakini alikuja mwenyewe, mgonjwa, akapiga magoti akakiri. Ndugu zangu, tuseme mbele ya jeneza lake kwamba tumemsamehe."

Mwanawe aliinamisha kichwa. Watu wote wakaitikia, "Amina." Na mimi nikaitikia, kwa sauti, wasije wakaniangalia.